RTX 5060 Yaingia Kirewa, na GTX 1060 Imeachwa Mbali

Viini 1,280 dhidi ya viini 3,840. Mara tatu kamili, hakipungui hata kimoja! Namba hizo mbili zimekuwa zikinizunguka kichwani tangu boksi lilipovuka mpaka wa Busia, na sasa kadi ya michoro yenyewe imeshakaa ndani ya kompyuta ya studio moja hapa Kirewa, feni zinazunguka, skrini imewaka, na mimi siwezi kutulia kitini. GeForce RTX 5060 ya Nvidia imefika Budama Magharibi, Tororo. Imechukua nafasi ya GTX 1060 ya gigabaiti 6, kadi iliyoibeba studio hii mgongoni kwa vidio za harusi, za kwaya, za mazishi na za kampeni bila kuchoka. Nimeziona zote mbili zikipewa kazi ileile, kwenye mashine ileile, chini ya bati lilelile, na lazima niseme nilichokiona.

Nieleze kwanza mashine, maana utamu wote umeanzia hapo. Ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-8400, ile ya viini sita ya mwaka 2017, memori ya gigabaiti 16, diski ya SSD na pawa saplai ya wati 550. Wapimaji wa Ulaya na Marekani huichomeka kadi mpya kwenye prosesa ghali kuliko zote sokoni ili kadi isizuiwe na chochote. Wana sababu yao. Lakini mtu wa Kirewa, Nagongera, Malaba au Busia hanunui kompyuta nzima kwa mpigo. Ananunua kadi, anafungua mashine aliyo nayo, anachomeka, anawasha. Swali letu ni hilo tu: ukitoa kadi ya 2016 na kuweka ya 2025, vingine vyote vikibaki vilivyo, unapata nini? Jamani, unapata mashine mpya!

GTX 1060 ilitoka tarehe 19 Julai 2016 kwa bei ya kuanzia dola 249. RTX 5060 ilitoka tarehe 19 Mei 2025 kwa dola 299. Miaka tisa kasoro miezi miwili, nyongeza ya dola 50. Kwa pesa zetu hiyo 299 inazidi kidogo shilingi milioni moja ya Uganda, au karibu 39,000 za Kenya, kabla ya usafirishaji na faida ya muuzaji. Yetu ilinunuliwa Nairobi, ikapanda basi la usiku hadi Busia, ikavuka, ikaingia teksi ya Tororo, na kilomita za mwisho ikamaliza mapajani mwa abiria wa boda, imefungwa ndani ya sweta kwa ajili ya vumbi. Heri yetu sisi wa mpakani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozi ushuru wa forodha kwa kompyuta na vipuri vyake. Kodi nyingine zipo, lakini ule mlango mmoja uko wazi.

Sasa tuingie ndani ya chipu, maana hapa ndipo nilipopiga makofi peke yangu. Chipu ya GTX 1060 inaitwa GP106. Ina transista bilioni 4.4 kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 200, kilichotengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 16. Chipu ya RTX 5060 inaitwa GB206, imetoka kiwanda cha kampuni hiyohiyo kwa teknolojia iitwayo 4N, nayo ina transista bilioni 21.9. Karibu mara tano! Na kipande chenyewe ni milimita za mraba 181. Kimepungua! Wameongeza transista mara tano kisha wakapunguza kiwanja. Chukua penseli uchore mraba wa sentimita moja na theluthi kila upande, halafu jaribu kufikiria vitu bilioni 21.9 vimepangwa humo ndani, kila kimoja kinawaka na kuzima kwa amri. Nimekuwa nikisoma habari za chipu kwa miaka na bado jambo hili hunisisimua damu.

Mwendo nao umepanda. Kadi ya zamani hufika takriban megahezi 1,708. Mpya inakaribia 2,500. Ukizidisha viini kwa mwendo, kisha mara mbili kwa kuwa kila kiini hufanya hesabu mbili kwa mpigo, unapata uwezo wa hesabu trilioni 4.4 kwa sekunde kwa ile ya zamani na trilioni 19 kwa hii mpya. Hiyo ni zaidi ya mara nne, na hapa naomba msomaji asikimbilie dukani, kwa sababu gemu hazitakuonyesha mara nne. Kuanzia kizazi cha Ampere cha mwaka 2020, Nvidia ilibadilisha namna viini vinavyopangwa, kwa hiyo kiini kimoja cha leo hakilingani moja kwa moja na kiini kimoja cha Pascal, kizazi cha 1060 cha mwaka 2016. Kwenye gemu halisi, bila ujanja wowote wa kuongeza fremu, tarajia karibu mara tatu. Mara tatu! Mtu aliyezoea kuhesabu fremu 30 kwa sekunde na kuvumilia, anaiona skrini ikiteleza kama hajawahi kuiona.

Memori ndiyo sehemu ya kadi hii ninayoipenda na kuinung'unikia kwa pumzi moja. Ya zamani ina gigabaiti 6 za aina ya GDDR5, njia yake ina upana wa biti 192, na hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde. Mpya ina gigabaiti 8 za GDDR7, njia imebanwa hadi biti 128, lakini mwendo wa data umepanda kiasi kwamba inapitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Njia nyembamba, maji mengi zaidi ya mara mbili. Kazi ya uhandisi hapo ni ya kuvuliwa kofia. Lakini gigabaiti 8? Miaka tisa, na tumeongezewa gigabaiti 2? Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu kwa mashine zetu lina uzito kuliko kwa wenzetu wa Ulaya.

Vijana walikuwa wameshajaa mlangoni, kwa hiyo tulianza na gemu. Red Dead Redemption 2, ambayo kadi ya zamani ilikuwa haifiki fremu 60 kwenye skrini ya 1080 mpaka upunguze mapambo yote ya maana, sasa inapita 60 kwa raha na majani ya miti yanaonekana moja moja. Cyberpunk 2077 vilevile. Kisha yakaja yale ambayo 1060 haikuweza kabisa, si polepole, bali kabisa: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinadai kadi yenye viini maalumu vya kufuatisha miale ya mwanga. Ukiwa na 1060 hazifunguki. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Nvidia iliwapa wenye 1060 ya gigabaiti 6 ruhusa ya kujaribu miale hiyo kupitia draiva, ila ilikuwa ya kutazama tu, kadi ilikuwa ikizama. RTX 5060 ina viini 30 vya miale, na kwa mara ya kwanza hapa Kirewa nimeona maji ya kwenye gemu yakiakisi mawingu yaliyo nyuma ya mchezaji. Kijana mmoja alinishika mkono akauliza, "Kaka, hiyo ni gemu au ni vidio?" Sikumjibu haraka. Nilitaka atazame kwanza.

Halafu kuna DLSS. Kadi inachora picha ndogo, kisha mtandao wa neva unaikuza iwe kubwa na safi. Jambo hili lilianza na kizazi cha RTX 20 mwaka 2018, kwa hiyo 1060 haikulipata hata siku moja. Kizazi cha RTX 50 kimekuja na toleo la nne, linaloweza kutunga hadi fremu tatu za ziada kati ya fremu mbili zilizochorwa kweli. Namba zinazopanda hapo ni za kutisha, na matangazo ya kampuni huzipenda sana. Ushauri wangu ni huu: furahia ule ukuzaji wa picha, ni wa kweli na ni mzuri sana. Fremu za kutungwa zitumie tu pale ambapo gemu tayari inakimbia vizuri, maana fremu ya kutungwa haisikii kidole chako. Ukiwa na fremu 25 halisi na ukazijaza hadi 100, macho yatafurahi na mikono italalamika.

Lakini studio haikununua kadi kwa ajili ya gemu. Ilinunua kwa ajili ya Jumamosi. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni kwaya, Jumatatu mwenye harusi anapiga simu kuuliza vidio iko wapi. Na hapa ndipo nilipokosa maneno. Kadi nyingi za Nvidia zina kipande maalumu cha kubana vidio, kiitwacho NVENC, kinachofanya kazi bila kusumbua viini vingine. Cha 1060 kinajua H.264 na H.265, ingawa kwenye H.265 hakijui mbinu ya fremu za kutazama mbele na nyuma, ambazo ndizo hupunguza uzito wa faili bila kuharibu sura ya bibi harusi. Cha 5060 kinajua yote hayo, na juu yake kinajua AV1, mfumo uliotoka mwaka 2018 unaobana zaidi kwa ubora uleule. Kwa mtu anayepandisha vidio YouTube kwa bando la simu, faili jepesi ni pesa taslimu. Angalizo moja tu: simu nyingi za zamani hazichezi AV1 vizuri, kwa hiyo nakala ya flashi ya mama mkwe iache kwenye H.264.

Na kuna jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Kamera nyingi za kisasa za harusi hurekodi rangi kwa mfumo wa biti 10 wa 4:2:2. Ni rangi nyingi, nzuri, zinazovumilia kusahihishwa pale gauni jeupe linapochomwa na jua la saa saba. Tatizo ni kwamba 1060 haikuweza kuzisoma kwa kipande chake maalumu, hata RTX 40 haikuweza, na prosesa kama hii i5-8400 inaachiwa mzigo wote na kuanza kukohoa. Studio nyingi hupitia hatua ya ziada ya kutengeneza nakala nyepesi kabla hata ya kuanza kukata. RTX 50 ndicho kizazi cha kwanza cha GeForce kinachosoma na kuandika 4:2:2 chenyewe. Tulivuta faili ghafi kutoka kwenye kadi ya kamera, tukaliweka kwenye mstari wa kuhariri, tukabonyeza kucheza. Likacheza! Hakuna nakala, hakuna kusubiri. Fundi wa studio alirudisha nyuma, akacheza tena, akarudisha nyuma tena. Nikaona bega lake linashuka, la mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilimfikiria Isaac Nabwana wa Wakaliwood, kule Wakaliga jijini Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 na kutengeneza milipuko na helikopta zake kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipuri vya zamani. Dunia nzima iliitazama filamu ile. Sasa weka mikononi mwa watu wa aina hiyo chipu ya transista bilioni 21.9 kwa dola 299. Nangoja kwa hamu kuona kitakachotoka Tororo.

Umeme. Hapa ndipo wapimaji wa mbali hupita haraka, na hapa ndipo mimi nataka kukaa. GTX 1060 imepangiwa wati 120, RTX 5060 wati 145. Ukitazama namba hizo peke yake utasema mpya inakula zaidi, na kwa dakika moja ni kweli. Lakini kazi iliyoichukua ya zamani saa tatu, mpya inaimaliza kwa saa moja. Saa tatu kwa wati 120 ni wati-saa 360. Saa moja kwa wati 145 ni 145. Kazi ileile, asilimia 40 ya umeme! Kwa anayenunua tokeni za umeme za Yaka, hiyo ni hesabu ya mfukoni, na haikubadilika pale usambazaji wa umeme ulipotoka mikononi mwa kampuni ya Umeme na kuchukuliwa na kampuni ya UEDCL tarehe 1 Aprili 2025. Na kwa anayetegemea betri na inveta umeme unapokatika, maana yake ni kwamba kazi inaweza kuisha kabla betri haijaisha. Hicho kwangu ndicho kipimo cha kwanza cha kadi yoyote inayoletwa huku: imefanya kazi kiasi gani kwa kila yuniti? Kwa kipimo hicho, sijawahi kuona kadi ya daraja hili kama RTX 5060. Wenzangu mnaozungumzia fremu tu, njooni mkae na inveta usiku mmoja tuzungumze upya.

Sasa manung'uniko, na ninayatoa kwa sababu naipenda kadi hii. RTX 5060 inazungumza na kompyuta kupitia njia nane tu za PCI Express, si 16 kama 1060. Kwenye mashine mpya zenye kizazi cha tano cha njia hizo, nane zinatosha na kubaki. Kwenye mashine yetu ya kizazi cha tatu, njia nane hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde, nusu ya zile ilizokuwa ikipata 1060 humohumo. Mradi kazi inaenea kwenye gigabaiti 8 za memori ya kadi, hutaona tofauti ya maana. Ikizidi, ni kama fundi aliyejaza meza na kulazimika kuvuka uwanja hadi ghalani kila anapotaka bisibisi: mkono wake una kasi ileile, lakini kazi inasimama. Tuliona hivyo tulipopandisha ubora wa picha za ukuta na ardhi hadi kileleni kwenye gemu mpya. Skrini ikaanza kushtuka-shtuka. Tukashusha ngazi moja, ikatulia kama maji ya mtungi. Wapo watakaosema heri RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, iliyotoka Aprili 2025 kwa dola 429. Kwa mwenye uwezo, nasema aichukue hiyo, na wala sioni aibu kusema hivyo katikati ya sifa hizi.

La pili ni waya wa skrini. Kadi mpya ina matundu matatu ya DisplayPort na moja la HDMI, basi. Skrini nyingi za mtumba zinazouzwa Busia zina VGA peke yake. Nunua kibadilishi chenye chipu ndani yake, si kile kipande cha plastiki cha bei ya soda, maana hicho hakitabadilisha kitu. La tatu ni la kuangalia kabla ya kulipa: kompyuta iwe inawaka kwa mfumo wa UEFI. Mara baada ya kadi hizi kutoka, Nvidia yenyewe ilitoa zana ya kusasisha programu ya ndani ya familia ya 5060, kwa sababu kwenye baadhi ya ubao mama skrini ilikuwa inabaki nyeusi. Kwa mashine za zamani zinazowaka kwa mfumo wa kale, hilo si jambo la kupuuza.

Na hapo nasimama kidogo kwa ajili ya watu ambao RTX 5060 si yao, nao ni wengi. Ukiingia ofisi, shule au duka la uchapaji kuanzia Malaba hadi Mulanda, utakuta kompyuta za ofisi za mtumba, HP na Dell nyembamba, pawa saplai ndogo isiyo na waya hata mmoja wa ziada wa kulisha kadi. Humo 5060 haiingii, haina hata mahali pa kukaa. Kwa mashine hizo mfalme wa zamani alikuwa GTX 750 Ti ya Februari 2014, wati 60, viini 640, kisha GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, wati 75, viini 768. Matoleo yake mengi yalikula umeme wa tundu la ubao mama tu. Mrithi wao yupo, na watu hawamtaji vya kutosha: RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya Februari 2024. Wati 70! Viini 2,304! Haihitaji waya, na yapo matoleo mafupi yanayoingia kwenye kasha jembamba. Inaacha 1050 Ti mbali sana, inapata DLSS, inasoma AV1 ingawa haiandiki. Kwa shule yenye maabara ya mashine za mtumba na paneli chache za sola, ningeichagua hii kabla ya 5060, tena bila kufikiri mara mbili.

Ila ukienda sokoni, fungua macho. Tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi mnamo 15 Septemba 2022, soko la dunia lilifurika kadi zilizochoka, na nyingine zimefika mpakani kwetu zimesafishwa zinang'aa. RX 580 ya kweli ina viini 2,304; ipo nyingine yenye jina hilohilo na viini 2,048, ambayo kwa uwezo ni RX 570. Ipo P106-100, chipu ileile ya GTX 1060, iliyotengenezwa kwa wachimbaji, haina hata tundu moja la skrini. Na zipo 1050 Ti bandia, kadi za zaidi ya miaka kumi zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina lisilo lao. Beba GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ndogo, ya bure, na tangu 2018 ikikuta kadi ya uongo inaandika hivyo waziwazi. Muuzaji anayekataa uiwashe mbele yake, mwachie kadi yake.

Kwa wenye 1060 ambayo bado iko hai: msiitupe. Oktoba 2025 Nvidia ilimaliza kuitolea draiva mpya za gemu, yenyewe na ndugu zake wa Pascal na Maxwell, lakini marekebisho ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2028. Kwa kazi za H.264, kwa gemu za zamani, kwa kufundishia, bado ni chuma. AMD nao wana RX 9060 XT ya Juni 2025, yenye njia 16 na toleo la gigabaiti 16 kwa dola 349, na Intel wana Arc B580 ya gigabaiti 12 kwa 249, ambayo lakini inadai ubao mama unaokubali Resizable BAR. Natamani kuzishika zote mbili.

Lililonikosesha usingizi nimeliacha hadi sasa. Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, ilikusanya picha za majani ya mihogo kutoka mashamba ya Uganda, na mwishoni mwa 2020 picha 21,367 zikawekwa hadharani kwenye shindano la Kaggle: batobato, michirizi kahawia, ugonjwa wa bakteria, madoa ya kijani ya utitiri, na majani mazima. Picha zetu, mihogo yetu, yeyote anaweza kuzipakua. Nilikuwa nafundisha modeli kwa 1060, na kadi ile haina viini vya Tensor, na kwenye hesabu za biti 16 uwezo wake unashuka hadi sehemu moja ya 64 ya zile za biti 32. Mafunzo nilikuwa nayaachia usiku kucha na kuomba umeme usikatike. RTX 5060 ina viini 120 vya Tensor vya kizazi cha tano, vilivyotengenezwa kwa hesabu hizohizo za biti 16. Inahitaji programu ya PyTorch 2.7 au mpya zaidi, iliyojengwa kwa CUDA 12.8, la sivyo itakataa kuitambua. Weka hiyo kwanza usije ukapoteza siku. Baada ya hapo, nikaanza asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana modeli ilikuwa tayari, inatenganisha batobato na michirizi kahawia kwenye picha ambazo haijawahi kuziona.

Nikabadilisha kitu kimoja, nikaanza tena mchana uleule. Nikabadilisha kingine, nikaanza tena jioni. Hiyo ndiyo kasi inayonitia wazimu wa furaha: kuweza kujaribu wazo, kuona limeshindwa, na kujaribu jingine kabla jua halijatua. Mashamba ya Kirewa yana mihogo ya aina ambazo sidhani zote zimo kwenye zile picha 21,367, na wakulima wawili wameshakubali tuwapigie majani yao kwa simu, mabovu na mazima, safu kwa safu. Tunaanza Jumatatu.